Kamati ya Usawa wa Nyaya

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara yetu ya Kumbukumbu inautangazia umma kwamba, baada ya vikao kumi na vinne tu, imefaulu kuunganisha skrini mbili kwenye kompyuta moja ya Mkurugenzi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Viti vilikuwa vigumu, lakini utumishi ni kujitolea.

Suala lilianza kistaarabu. Mkurugenzi alitembelea idara jirani, akamkuta mwenzake ana skrini mbili. Alirudi amenywea. Siku hiyohiyo tukaenda kuchukua ya pili kwa Mama Vyeti, karani wa dirisha namba saba, aliyekuwa nazo mbili bila cheo chochote cha kuhalalisha anasa hiyo.

"Jamani, hii nasomea daftari la zamani, hii naandikia cheti," alisema, ameikumbatia skrini kama mtoto aliyeitwa kuchomwa sindano. "Nina majalada mia nne na kumi na mawili. Mkurugenzi mwenyewe kaniandikia: yasipokwisha Ijumaa, nahamia stoo."

"Basi una muda mpaka Ijumaa," nikamtuliza. Tukang'oa.

Fundi wa kompyuta, tunayemwita Bisibisi, alichungulia nyuma ya mashine ya Mkurugenzi kwa dakika moja. Moja! Hapo ndipo nilipojua hana uzito.

"Kuna matundu mawili ya picha," alisema. "Moja la HDMI, moja la DisplayPort. Kila skrini ipewe waya wake. Dakika tatu nimemaliza."

"Nyaya za aina mbili?" Mkurugenzi akauliza.

"Aina mbili, mzee. Picha safi pande zote."

"Yaani skrini moja ivae hivi, nyingine vile, na zote ni za Mkurugenzi? Huo si ubaguzi?"

"Mzee, skrini haina wivu."

"Hayo ni maoni yako," nikasema, nikayaandika kama maoni yake.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Usawa wa Nyaya, ikawa inakaa vikao vinne kwa siku. Tulipima nyaya kwa rula. Tulimhoji muuza nyaya, akasema kinachotakiwa ni waya uingie kwenye tundu lake. Tukamwondoa kwa kukosa utaalamu. Kikao cha tisa kilivunjika kwa sababu mjumbe mmoja alitaka kujua waya upi utangulie kuchomekwa, na mbele ya nani. Wakati huo foleni ya dirisha namba saba ilikuwa imetoka nje, imezunguka jengo na kuingia kwa mlango wa nyuma, wa mwisho wakawa wanaamkiana na wa kwanza.

Katika kikao cha kumi na nne tukapata ufumbuzi wenye hadhi: skrini zote zitumie tundu moja, kupitia kile kidude cha kugawa picha, kwa nyaya mbili zinazofanana kama mapacha.

"Katibu," Bisibisi akaninong'oneza koridoni, "kidude hicho kinatoa picha moja tu. Kushoto ukiona mbuzi, na kulia ni mbuzi yuleyule."

Nililichukulia kwa uzito unaostahili. Nililiandika kwenye Kiambatisho cha Tisa, ukurasa wa sitini na moja, mahali ambapo jicho la mwanadamu halijawahi kufika.

Alhamisi Waziri akaja kuzindua. Skrini ya kulia iligeuzwa iwatazame wageni, ionyeshe ripoti. Ya kushoto ikabaki ikimtazama Mkurugenzi peke yake, kwa mambo ya kikazi. Waziri, mtu wa kitambi cha heshima, akahutubia. Dakika ya arobaini, Mkurugenzi akaanza kuchapa, uso umetulia kama wa mtu anayenukuu hekima.

Wageni wakaanza kukohoa. Mmoja akauma tai yake. Waziri akageuka, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile ya hotuba:

"'Shemeji, bado tumo. Tumbo lilifika saa tatu, mwenyewe kafika saa tatu na nusu.'"

Nzi aliyekuwa akiruka akatua. Na shemeji naye, kwa herufi kubwa, akajibu: "KWANI HAJAMALIZA? MWAMBIE CHAI INAPOA."

"Sijamaliza," akasema Waziri. "Huyu mtu ana nafasi nyingi sana. Huko nje foleni ni ya nini?"

"Dirisha namba saba!" foleni yenyewe ikajibu kupitia dirishani.

Waziri akaamua papo hapo. Mkurugenzi ashike dirisha namba saba, majalada yote, kwa masharti yaleyale aliyoyaandika kwa mkono wake. Mama Vyeti akaimu ukurugenzi. Bisibisi akachomoa kidude, akachomeka nyaya mbili zisizofanana. Dakika tatu. Sikuwahi hata kufungua kalamu.

Saa tisa alasiri hodi ikabishwa mlangoni. Mkurugenzi wa zamani alisimama kizingitini, amepakaa wino mpaka shavuni.

"Mama, shikamoo," akasema, ingawa amemzidi umri. "Kwa skrini moja siwezi. Nisaidie ya pili, na waya. Wowote ule. Hata mbaya."

Mama Vyeti akamtazama kwa huruma ya dhati.

"Wowote? Hapana, baba, hapa hatubagui." Akanigeukia. "Katibu, itisha kamati."

Nikafungua ukurasa mpya: Kikao cha Kumi na Tano.