Viongezo Vilivyoketi Kama Wageni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Furaha iliyoje! Wimbo wangu wa Pentekoste umekamilika. Jumamosi kwaya itausikiliza kwenye kompyuta yangu, hapa Nshamba, kisha itachagua kati yake na wimbo wa mtunzi mwenzangu, Bwana Ildefons. Nimeiongezea programu ya muziki viongezo, yaani programu ndogo za sauti: kinanda, ngoma, kengele na mwangwi wa kanisa kuu. Imekwama kwenye noti ya kwanza. Nimeiomba radhi.

Jumanne, 3 Juni

Binti yangu Joanitha amefika kutoka Bukoba. Ameeleza kwamba kila kiongezo hula kumbukumbu ya kompyuta hata kikikaa bure. Akaniita baba kwa Kihaya chetu: “Tata, zima vyote, bakiza kinanda.” Sawa! Lakini kila kimoja kiliuliza kama kweli nataka kiondoke. Mgeni aliyekwisha kuketi, ambaye hajatafuna hata buni za kahawa za kumkaribisha, anafukuzwaje? Nimebonyeza “Hapana” kwa vyote. Joanitha amecheka mpaka akashika mlango.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejikaza. Nimezima kengele, ngoma na mwangwi, wanisamehe. Wimbo umepigwa hadi mwisho! Nimecheza sebuleni kwa soksi, mbele ya picha ya marehemu mke wangu Celina, ambaye angeimba sauti ya kwanza. Ildefons alipita, akauliza kwa upole wenye sumu kama mashine bado ina kigugumizi. Nilimjibu kwa heshima kwamba imepona kuliko wimbo wake.

Kwa tahadhari, nimeweka kiongezo cha kupunguza matumizi ya kumbukumbu. Na kingine cha kukilinda hicho. Kina mchoro wa rangi wa kupima kumbukumbu! Ajabu!

Jumamosi, 7 Juni

Kwaya ilijaa sebuleni. Kinanda kilitoa sauti mbili, kikanyamaza. Kile kiongezo cha kupunguza kilikuwa kimemeza kumbukumbu yote. Mlinzi wake alionyesha mchoro mwekundu, mzuri sana. Kyaruzi wa besi aliuliza kama Roho Mtakatifu naye anasubiri umeme. Niliomba radhi kwa kila mmoja, nikianza na wanawake. Wamechagua wimbo wa Ildefons.

Jumapili, 8 Juni

Tumeuimba. Ni mzuri, ninasikitika kusema.

Baada ya Misa Joanitha ameondoa viongezo vyote isipokuwa kinanda. Wimbo wangu umetiririka! Mwenyekiti wa kwaya ameusikia kupitia dirisha, ameahidi kuupokea kwa sikukuu ya Moyo Mtakatifu. Machozi yamenitoka. Nimemwapia binti yangu: kinanda pekee, hadi kaburini.

Gari lake lilipoondoka tu, programu imeuliza kama ningependa kukaribisha kiongezo cha tarumbeta. Kimebisha hodi kwa adabu kubwa.

Nimebonyeza “Ndiyo”, nikaweka kahawa mezani.