Habari za Sindano Aliyeitandaza Bahari Mezani, na Pini Moja Aliyoing'oa

Njooni, enyi wenye masikio, na mwenye sikio moja zima naye asibaki nyuma; wekeni vikombe chini, nyamazisheni simu, na yule anayetafuna pale pembeni ameze kwanza. Maana leo nanena habari ya vita vilivyomwaga damu tone moja tu, na ya jemadari ambaye badala ya upanga alikuwa na mkasi, na badala ya nishani kifuani alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Ewe ulimi wangu, uliyeniaibisha mara nyingi mbele za wakwe, leo nisitiri. Nipe pumzi ndefu, maana shujaa huyu alikuwa na maneno mengi kuliko mimi.

Palikuwa na fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa wembamba wake, na kwa kuwa hakupita mahali asiache uzi. Huyo ndiye Sindano Mtiisha-Suti, Mpunguza Suruali za Marehemu kwa Ajili ya Warithi, Bwana wa Cherehani ya Miguu, Mwokozi wa Zipu Zilizokata Tamaa. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na sifa yake ilivuka barabara mbili na nusu. Sifa gani? Kwamba chini ya meza yake hapakuanguka kitambaa. Mletee kipande akutolee shati, na katika mabaki atoe kola ya mtoto, na katika mabaki ya mabaki atoe kishikio cha sufuria. "Kipande kikianguka," alizoea kunena, akiinua kidole, "fundi ameanguka nacho." Na mtu huyu tangu kuzaliwa hakuwahi kusafiri mbali zaidi ya kwa shemeji yake, alikokwenda kuzika akarudi siku ileile, kwa sababu koti la bwana harusi lilikuwa halijatiwa mikono.

Mkewe alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, na Nesi ndilo jina alilojulikana nalo hata na watoto wake mwenyewe walipotaka kumchokoza, kabla hawajaoa na kuolewa wakaiacha nyumba kimya. Mwanamke huyu kila mwaka alipewa likizo, na kila mwaka akamwachia mwenzake: huyu ana mgonjwa, yule ana harusi, yule mwingine analia tu. Mwaka huu matroni akamwita na kumwambia achukue likizo ndefu, zote zilizolala zikusanywe pamoja. Basi Nesi akarudi nyumbani, akatia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akasema, "Mume wangu, pale wodini kuna kalenda ina picha ya bahari. Ngazi nyeupe, maji ya buluu, na kiti kimoja kitupu. Wanasema ni huko Mediterania, upande wa mashariki. Nataka twende tukakae."

Sindano akasikia "twende", damu ikamchemka. "Tukakae" nalo alilisikia, lakini hakuliona umuhimu wake.

Hata kulipokucha alikwisha kuitwaa meza ya kulia chakula. Akaitandaza satini ya buluu, iliyobaki kwa maharusi waliogombana kabla ya kushonewa, nayo ikawa bahari. Akaizungushia nchi kavu: Uturuki kwa kitambaa cha kijani huko juu, Ugiriki kwa kitambaa cheupe cha marekani upande wa kushoto, na chini kabisa Misri, iliyokatwa katika kaki ya sare za shule. Kisha akamimina kopo la vifungo akaanza kuumba miji. Athene ikawa kifungo cheupe cha shati. Krete, kisiwa kirefu, ikapewa kile kifungo cha mbao cha koti la baridi. Kupro ikawa ya shaba, Rodo ya buluu, Aleksandria ya lulu ya bandia. Na Istanbuli, ambako alikuwa amesikia kuna soko lenye paa, lenye vitambaa kutoka mlango hata mlango, akaipa kifungo cha dhahabu kilichotoka kwenye koti la afisa mmoja mstaafu, kifungo ambacho hakuwahi kumuuzia mtu. Kila mji akauchomea pini, na kutoka pini hadi pini akapitisha uzi mwekundu, ambao ndio njia yao.

Siku zikapita, na Sindano alipanga safari kama alivyokata nguo: pasianguke kipande. Akiona asubuhi imebaki wazi, huijaza gofu la kale. Akiona jioni imelegea, huitia kijiji cha wavuvi. Usiku ukionekana unalaliwa bure, huusokota ndani ya feri ili kukicha wawe kisiwa kingine. Na kwa kuwa bahari ilikuwa imekwisha kukalia meza, mume na mke wakala wakiwa wamepakata sahani, wakiinamia mchuzi kama wagonjwa waliokatazwa kuinuka, na hakuna aliyethubutu kuweka hata kijiko juu ya Ugiriki.

Ndipo jioni moja Nesi akarudi kutoka zamu, bado yuko ndani ya sare, akasimama juu ya bahari hiyo mikono kiunoni. Sindano akakohoa kidogo, akaanza hotuba.

"Ewe mke wangu, mama wa wanangu, tazama! Ufalme wote huu nimeutia katika wiki tatu, wala hakuna saa iliyopotea, wala hakuna ukuta wa kale uliosalimika! Tutatua alfajiri, tutapanda kilima, tutashuka kilima, na jua likiwa utosini tutakuwa—"

"Ngoja kwanza. Hapa tunalala wapi?"

"Ndani ya feri, malkia wangu."

"Na hapa?"

"Ndani ya basi."

"Haya. Na kula?"

"Tutakula tukienda," akanena Sindano, lakini sauti ilikuwa imepungua upana.

Nesi akaufuata uzi mwekundu kwa kidole, kutoka kifungo hadi kifungo, hata ulipokwisha. Hakugomba. Afadhali angegomba, maana Sindano alijua kuishi na makelele yake. Utulivu ndio uliomtisha.

"Mume wangu," akasema, "hii si safari. Hii ni zamu. Umeniandalia zamu ya wiki tatu, tena bila mtu wa kunipokea. Mimi miguu hii imeniishia kwa watu. Kama ni kukimbia, nakimbia hapa hapa, tena huku nalipwa. Kesho jioni matroni anataka jibu. Nitamwambia likizo ampe mwenzangu, wewe nenda na vifungo vyako."

Akaenda kuoga. Naye Sindano akabaki peke yake mbele ya bahari, na nawaambieni kweli, moyo ulimshuka hata magotini. Maana katika miaka yote ya ndoa, yeye alikuwa ameinamia cherehani na mkewe ameinamia vitanda vya watu, na hawakuwahi kukaa wawili, ubavu kwa ubavu, wakatazama upande mmoja. Alikuwa ameitaka safari hii kwa ajili hiyo. Sasa alikuwa karibu kuipoteza kwa sababu ya kuitengeneza sana.

Basi akaviita vifungo vyote katika baraza. "Enyi majemadari," akanena, "mmoja wenu lazima aanguke. Nani atajitoa?" Vifungo, kama kawaida ya vigogo wanapoulizwa hivyo, vikanyamaza. Akaishika pini ya Rodo. Akaikumbuka ngome, akaiacha. Akaishika Kupro, akaipangusa vumbi tu. Akajaribu hila ya mafundi dhaifu, akasogeza miji miwili ikae siku moja, na uzi ukajikunja ukafanya fundo pale katikati ya maji.

Hapo ndipo adui aliposhuka kutoka juu ya kabati. Alikuwa paka wa nyumba, aliyeitwa Mkaguzi kwa sababu hakuna sufuria iliyofunikwa bila yeye kujua kilichomo. Akatua katikati ya bahari kwa miguu yote, satini ikamteleza, akaivuka Kupro kwa ubavu, akajiviringisha katika uzi mwekundu, akaondoka na Athene mkiani. Sindano akamkabili kwa rula ya mbao. "Rudi, ewe mnyama wa vilindi! Rudisha Ugiriki!" Mkaguzi akajilaza juu ya Misri, akalamba kwapa. Vita vikawa virefu, na mwishowe vikamalizwa na sauti ya mwanamke kutoka bafuni: "Wewe na huyo paka, mmoja wenu atalala nje!" Wote wawili wakatulia.

Asubuhi Nesi akaenda kazini bila kuitazama meza. Sindano akairudisha miji yote mahali pake, uzi akaunyoosha, wala hakupunguza hata kijiji. Alikuwa ndani ya huzuni hiyo Mama Mkwe alipoingia dukani, gauni limekunjwa kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Gauni hili ulinishonea likanikaa vizuri sana, sasa sijui limefanywa nini huko kabatini. Limegoma kufunga, na Jumamosi nina mwaliko."

"Makabati ya siku hizi hubana nguo, mama," akanena Sindano kwa adabu kuu, kwa maana ushujaa si wa vitani peke yake.

Akaligeuza gauni ndani nje. Vidole vikaenda vyenyewe penye mshono wa ubavu, na pale, kimelala kimekunjwa vizuri, kitambaa cha akiba kilikuwapo, kipana, hakijaguswa na mkasi. "Usiwe na wasiwasi, mama. Nafungua mshono huu na huu, linaachia. Litakukaa kama jipya."

Mama Mkwe akacheka akajipiga paja. "Fundi wewe! Ulijuaje kwamba nitanenepa?"

"Sikujua, mama," akasema Sindano, akiwa bado ameinamia gauni. "Ndiyo maana niliacha."

Mkasi ukabaki wazi mkononi. Mama Mkwe akamtazama, akamtazama tena, akauliza kama amepatwa na kizunguzungu aletewe maji. Sindano hakusikia. Aliinuka akapita mlango wa ndani, akaenda mpaka mezani, akasimama mbele ya ile safari aliyoijaza kutoka pindo hadi pindo, safari ambayo mtu akivuta pumzi tu ingepasuka kwapani. Yeye, ambaye hakuwahi kumshonea hata mteja mbishi bila kumwachia nafasi ndani, alikuwa amemkatia mkewe nguo isiyo na mshono wa kuachia.

Sasa basi, simameni, na mliosimama shikeni ukuta! Sindano akanyoosha mkono juu ya maji. Hakuliendea gofu, wala kijiji, kwa sababu alijua akitoa kile asichokipenda atakirudisha kabla ya adhuhuri. Akaiendea Istanbuli. Akakishika kichwa cha pini, akafumba jicho moja, akaing'oa. Nayo pini, isiyokubali kutoka bila heshima, ikamtoboa kidole gumba, na hilo ndilo tone la damu nililowaahidi. Kifungo cha dhahabu akakitia mfukoni. Uzi akaulegeza, nafasi yote iliyopatikana akaivuta ikaangukia pwani ya Krete, na pale hakuweka kitu. Satini tupu, pana kiasi cha kiganja.

"Baba," Mama Mkwe akaita kutoka dukani, "mimi bado nipo huku na shimizi."

Jioni Nesi akaingia, simu mkononi, jina la matroni limekwisha kufunguliwa kwenye kioo. Akaiona bahari. Kidole chake kikaufuata uzi mwekundu kama jana, kikafika Krete, kikasimama.

"Hapa kuna nini?"

Shujaa wetu alikuwa na hotuba tayari, yenye mwanzo, katikati na mwisho. Ikamkimbia yote. "Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu. Hakuna gofu, hakuna basi. Ni ya kuachia. Tukichoka, ipo. Tusipochoka, tutakaa tu."

Nesi akavuta kiti akaketi. Akaitazama ile sehemu tupu muda, kisha macho yakapanda juu, yakatafuta, yakarudi kwa mumewe. "Cha dhahabu kiko wapi?"

Sindano akaugusa mfuko. Nesi akaona kidole gumba kilichofungwa kitambaa, akakishika, akakifungua, akakikagua kama anavyokagua mtoto aliyezaliwa saa hiyo. "Umefunga vibaya," akasema, akakifunga upya. Kisha akainama, akang'oa pini za magofu mawili na kijiji kimoja bila hata kuviaga. "Haya mawe yamesubiri miaka yote hiyo, yatatusubiri na sisi. Rudisha soko lako, mume wangu. Mtaka yote hukosa yote, lakini sikusema ukose lako." Akaiweka simu sikioni. "Matroni, ile likizo naichukua. Ndiyo, yote. Hapana. Hapana, mwambie pole sana, lakini mwaka huu simpi mtu."

Wakaikunja bahari upande mmoja, Mkaguzi akiwa amelala ndani yake, wakaweka sahani mbili mezani kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Na hawakukaa kwa kuelekeana kama zamani. Walikaa upande mmoja, ubavu kwa ubavu, wakatazama ile satini iliyobaki.

Basi wenye kalamu waandike, na wasio nayo wakariri wawaambie wajukuu: wafalme wengi waliipigania bahari ile, wakajenga ngome, wakachoma meli, na kila mmoja alitaka kuongeza, lakini ni Sindano, Mtiisha-Suti, Mwokozi wa Zipu, aliyeng'oa pini moja, na bahari haikukauka, na mkewe akaketi.