Sisimizi Hawajafungiwa

Jumatatu, 6 Aprili 2020
Mtaa wetu wa Kadutu kimya. Soko limefungwa kwa ajili ya korona, pikipiki hazipiti. Nasikia miguu yangu mwenyewe sakafuni. Sipendi.
Karatasi za mashine ya kupimia sukari zimekwisha, famasi hazina. Nilifurahi kimoyomoyo. Nani atajua nakula nini? Lakini Monique, mke wangu, atanipima kama wanavyopima kijijini kwao, Walungu: mkojo wangu wa asubuhi ndani ya kopo, nyuma ya nyumba. Sisimizi wakija, sukari imepanda. Sayansi gani hiyo!

Jumanne, 7 Aprili
Wamekuja. Mstari mweusi, kutoka ukutani hadi koponi. Jana hapakuwa na hata mmoja.
Monique hakugomba. Alinipa sombe, majani ya muhogo matupu, bila ugali wa fufu. Constantin, shemeji yangu aliyekwama kwetu tangu barabara zifungwe, alijaza sukari kwenye chai yake na kuikoroga polepole. Kwa makusudi!
Ila ana njaa. Amekubali kunijazia kopo kesho kwa mkojo wake. Nitampa dagaa wangu wote wa sambaza.

Jumatano, 8 Aprili
Sisimizi hakuna! Ushindi! Monique alipiga ishara ya msalaba kwa furaha. Niliona aibu kidogo, kisha nikajipongeza kwa maandazi ambayo Constantin huyaficha nyuma ya kabati. Kiu haiishi.
Mchana niliuona mstari uleule. Umelipita kopo. Unaelekea mlangoni.

Alhamisi, 9 Aprili
Wako sebuleni. Nikihamisha kiti, mstari unapinda. Nilidhani Constantin kaninyunyizia sukari viatuni. Nimekagua. Hakuna kitu. Yeye mwenyewe kahamia pembe nyingine, hacheki tena.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili
Nimeamka, Monique kasimama miguuni pa kitanda. Mstari umepanda, umeingia chini ya blanketi. Akalifunua.
Wamejaa kwenye kidole gumba cha mguu wangu, wanaingia na kutoka katika kidonda. Kidonda! Sijui cha lini. Sikusikia maumivu. Hata sasa sisikii chochote. Niliogopa sana.
“Papa Larissa,” Monique akasema, akiniita kwa jina la binti yetu, “habatafute kopo. Banakutafuta weye.”
Constantin akaungama yote. Msaliti.
Muuguzi jirani, Maman Consolate, alikiosha kidonda na kukifunga. Alisema kidole kitapona nikiacha sukari. Nisipoacha, watakata mguu. Monique alienda kulia jikoni.

Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili
Misa ya redioni. Nimeapa mbele ya Monique, mkono juu ya redio: sukari basi. Amesema kila asubuhi atakagua kitanda changu. Sasa yuko kwa Maman Consolate.
Nimewaza. Sisimizi hawavuki maji. Kila mguu wa kitanda nimeutia katika kopo la maji. Hawatapanda, kwa hiyo Monique hataona kitu. Akili ni mali!
Maandazi ya Constantin yalikuwa nyuma ya kabati palepale. Nimeyala nimelala, mguu juu ya mto. Matamu mno.
Jambo moja tu. Darini, juu yangu kabisa, kuna mstari mweusi. Unateremka ukutani, pale kitanda kinapougusa ukuta, taratibu.
Kesho nitasogeza kitanda.