Wembe kwenye Spika ya Kanisa

Jumatano, 6 Agosti

Asante Mungu kwa masikio. Nimesikiliza rekodi zangu za roki hadi jirani akagonga ukuta. Mlio wa gitaa ninaoupenda kuliko yote bado ni ule wa Waingereza wa miaka ya sabini: mzito, wa kukwaruza, kama trekta inayopanda mlima na mawe. Wa pili ni ule mkavu wa Waaustralia, unasikia kila kidole kikigusa uzi. Gitaa langu kanisani hulia kama kengele ya baiskeli.

Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno. Mwalimu Wambeti wa kwaya atatusikiliza mimi na Gachoki, achague mmoja wa gitaa. Atakayeshindwa atapiga kayamba. Kayamba! Mimi! Mlio ule wa Waingereza hautasikika Embu milele.

Ijumaa, 8 Agosti

Ugunduzi! Nimesoma kwamba wazee wa roki waliupata mlio ule mzito kwa kuchanja karatasi ya spika kwa wembe. Gachoki ana gitaa jipya na kanyagio za kubadilisha sauti. Mimi nina akili. Asante kwa akili.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilijitolea kufagia kanisa. Pasta alinibariki kwa moyo wangu wa utumishi. Alipotoka tu, nikafungua spika kubwa nikachanja. Nikajaribu gitaa. Jamani! Machozi ya shukrani yalinitoka. Gachoki alichungulia mlangoni, nikaficha wembe kwenye soksi. Sijui aliona nini.

Jumapili, 10 Agosti

Pambio la kwanza: utukufu mtupu. Vijana walisimama. Mwalimu Wambeti alifumba macho, nikadhani ni upako.

Kisha mnada wa mazao. Nilikuwa nimesahau kwamba spika ya kanisa ni hiyo moja, na kwamba Mzee Njoka huinadi sadaka yote kupitia hiyo hiyo. Akashika maiki kuuliza nani ataanza na jogoo wa Bwana. Spika ikanguruma. Jogoo akakata kamba akarukia mimbari. Watoto wakalia. Hakuna aliyesikia bei wala jina. Mama Kanini akajikuta amenunua mkungu wake mwenyewe wa ndizi. Nyanya mmoja akaanza kuikemea spika kwa Kiembu, amenyoosha mkono.

Pasta akauliza nani ameigusa. Gachoki akasimama. Nikajua nimekwisha. Akasema ni panya, stoo imejaa panya.

Nje nilimuuliza kwa nini. "Wacha tu, Mugendi," akasema. "Hiyo sauti ilinibamba mbaya, tamu kweli. Lakini usirudie, sawa?"

Nililia mbele ya watu. Mungu ambariki Gachoki, yeye na kanyagio zake.

Jumatatu, 11 Agosti

Mwalimu Wambeti ameamua: gitaa ni la Gachoki. Kayamba ni yangu. Sinung'uniki. Angenitaja ningefukuzwa kwaya, na mama angesikia huko Runyenjes. Namshukuru kwa moyo wote.

Alhamisi, 14 Agosti

Spika mpya imefika! Pasta anasema aliona nilivyoililia ile ya zamani, na hajawahi kuona kijana anayependa vyombo vya Bwana namna hiyo. Amenipa funguo za stoo, niwe mlinzi. Gachoki alikohoa sana. Niliapa mbele yao kwamba spika hiyo haitaguswa na mtu, na kweli sitaigusa.

Milio ya miaka ya themanini, nimesoma leo, haikuhitaji kuharibu spika hata kidogo. Walifungua tu amplifaya, kama ile ya kanisa iliyo stoo, wakahamisha nyaya fulani. Mungu ni mwema. Gachoki amesafiri, na jirani amekubali kuniazima bisibisi.