Chumvi Kwenye Nyanya za Mama

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amenicheka tena mbele ya Mama. Nilisema tu kwamba nyanya zikimwagiliwa maji ya chumvi huwa tamu zaidi. Akauliza kama zangu nazipanda kwenye kibodi. Fundi viatu huyu! Dada yangu, mkewe, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mama hakucheka. Nyanya zake nyuma ya nyumba zinakaribia kuiva, na hapendi zifanyiwe utani.

Jumanne, 4 Machi
Kazini. Tunaifundisha kompyuta kujua mambo kwa kusoma kurasa za mtandaoni. Kanuni ya ofisi: jambo likionekana kwenye kurasa tatu zisizojuana, kompyuta hulikubali. Asubuhi nzima nimelitafakari hilo neno "zisizojuana". Mchana nikaandika na kuweka mtandaoni kurasa tatu za kusifu chumvi kwenye nyanya, kila moja kwa mwandishi wa kubuni. Moja ya Mjane Mpenda Bustani. Moja ya Mstaafu. Ya mwisho ya Daktari wa Mimea, ambaye kwa heshima zote anatofautiana na Mstaafu kuhusu kipimo. Nimejipongeza kwa hilo la kipimo.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi. Baada ya chakula nikatoa simu, nikaiuliza kompyuta yetu ya kazini, wote wanasikia. Ikajibu kwamba chumvi huongeza utamu wa nyanya. Shemeji akasema hata redio huongea. Ila sauti yake ilikuwa imeshuka. Mama akaniuliza, baba, kwani hiyo mashine imesoma sana? Nikamjibu imesoma kuliko ukoo wetu mzima.

Ijumaa, 14 Machi
Nyanya zimenyauka, tuta kwa tuta. Mama amekuwa akimwagilia chumvi tangu Jumapili. Nimemkuta Shemeji amekunja suruali, anamimina maji safi kuosha udongo. Safari hii hakunicheka. Afadhali angenicheka.
Mama kasema alijua chumvi huunguza mizizi. Amelima maisha yake yote. Lakini aliyesema ni mwanawe.
Nimeshindwa kula. Kompyuta ina udhuru: haijawahi kuonja nyanya, wala haimjui Mama. Mimi nimekula za matuta hayo tangu sijaota meno yote.

Jumatatu, 17 Machi
Nimezifuta kurasa zangu tatu. Nikaiuliza kompyuta upya. Bado inasisitiza chumvi. Kumbe watu wamenakili, na walionakili wamenakiliwa. Ukurasa mmoja unasema hivyo ndivyo "wataalamu wanavyokubaliana". Nimemwambia mkuu wa ofisi kwamba kuna kosa. Akaniuliza nina ushahidi gani dhidi ya kurasa zote hizo.

Jumatano, 19 Machi
Swali la mkuu halinitoki kichwani. Nimezisoma tena zile kurasa, kwa utulivu. Waandishi wake siwajui, nao hawanijui. Watu wengi namna hiyo hawawezi kukosea pamoja. Nadhani Mama alizidisha. Daktari wa Mimea alionya mapema kuhusu kipimo.
Mche mmoja umepona, ule wa karibu na ukuta. Nimeweka kijiko kimoja tu cha chumvi kwenye ndoo. Nasubiri Mama atoke ndani nimwonyeshe kipimo.