Thita Mlangoni kwa Mkunga

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mkunga anafungua kliniki ya wazazi Alhamisi na anataka alama ya mlangoni. Shemeji yangu, mpaka rangi mwenzangu, kampelekea mchoro wa mtoto. Mtoto! Nani asiyeweza kuchora mtoto? Mimi nina thita, herufi ya Kigiriki. Nimeiona kwa mwalimu wa hesabu leo nikimpakia rangi jikoni. Kasema kwa Wagiriki wa kale thamani yake ni tisa. Miezi tisa! Na umbo lake je? Tumbo la duara, na kile kistari cha katikati ni mtoto kajilaza. Nilitoka mbio. Mwalimu alikuwa bado anaeleza.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Mkunga kakubali. Kauliza inatamkwaje. Nikamwambia ni kama mwanzo wa “thamani”, ulimi katikati ya meno. Tukajaribu pamoja hadi meza yake ikalowa mate. Shemeji kakunja mchoro wake, kaondoka bila kuaga. Mke wangu kanionya nisimcheke kaka yake. Nimecheka chooni.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Ufunguzi. Thita ya dhahabu, kubwa kama sinia. Wajawazito tele. Padri aliyealikwa kuiombea kliniki kafika kizingitini, katazama juu, kafunga kitabu. Kumbe alisoma Kigiriki! Kamvuta mkunga pembeni amnong'oneze, ila sauti yake ni ya mimbarini: “Mama, hii wazee wa Kigiriki waliiandika kufupisha neno kifo.”
Ukumbi ukabaki mtupu. Mmoja alishikwa na uchungu palepale nje, akakataa katakata kupita chini ya herufi yangu. Kajifungulia upenuni, shemeji kashika shuka la kumsitiri, uso kaugeuzia ukutani. Mtoto wa kike, mzima, analia vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Nimeikwangua thita. Shemeji kachora mtoto wake, na lazima nikiri kapendeza. Mkunga kaniambia taratibu: “Baba, mkono wako mzuri. Usirudi.”
Padri kanionea huruma, kanifariji kwamba herufi ziko nyingi, kuanzia alfa hadi omega, ile ya mwisho. Mwisho! Mpwa wangu anaoa kesho. Mwisho wa kutafuta, mwisho wa upweke! Nimewachorea omega nyekundu juu ya kitanda cha maharusi, bila kumwambia mtu. Mama wa bibi harusi ndiye atakayetandika. Nasikia amesoma sana. Ataelewa.