Kisanduku Kinachosikia Tembo Kabla Yangu

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Wanyamapori,

Salamu zikufikie hapo mezani pako. Mimi ni mlinzi wa mashamba ya mahindi ya kando ya msitu, yule mnayemwita Masikio. Miaka kumi na tisa nimewasikia tembo wakija, nikapiga debe, watu wakajificha. Sasa mmetundika kwenye nguzo kisanduku kinachonasa mngurumo wa tembo kutoka mbali na kupigia simu kila nyumba. Ijumaa kamati inakaa kuamua kama bado ninahitajika. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kisanduku hakina adabu. Kinatangaza tembo kabla yangu, mimi niliyekitangulia kazini! Nikifika mbio na debe langu, nakuta watu wameshajifungia ndani wanakunywa chai, wananichungulia dirishani. Mke wangu ananiuliza mbele ya watoto: leo umesikia nini, baba nanihii? Inauma, Ndugu Mkuu.

2. Hakilali, hakili chakula, hakiombi ruhusa ya kwenda msibani. Mfanyakazi gani huyo?

3. Kina umbea. Fundi wenu alipokuja kukikagua alinisikilizisha sauti ya mtu akikoroma saa nane mchana, kwenye zamu yangu. Nilimweleza kwamba mimi husikiliza vizuri zaidi nikiwa nimefumba macho. Alicheka mpaka akakaa chini.

4. Kinadanganyika kirahisi. Ili kuthibitisha hilo, Jumanne nilisimama chini ya nguzo nikanguruma kama tembo dume. Kikaamini! Simu zikalia kote. Mama mkwe wangu, ambaye hatembei bila mkongojo, alipanda paa la banda la kuku bila kushikwa mkono. Tangu hapo hasemi nami, na mkongojo siuoni tena. Askari wenu walipofika wakanikuta peke yangu, walitamka maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya kiofisi.

Kwa hiyo naomba kisanduku kiondolewe kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, kikisikia tembo kinyamaze dakika kumi, niwahi kusikia mimi. Na hilo nalo likishindikana, basi kinipigie mimi tu, polepole, nami nitajua namna ya kushtuka mbele za watu.

Nisalimie askari wote, mama wa chai hapo ofisini, na yule fundi, ingawa hastahili.

Wako ninayelinda kwa masikio mawili tu,
Masikio

Nyongeza: Nilizima simu ili niandike kwa utulivu. Nilipoiwasha nikakuta kisanduku kimenipigia mara sita. Tembo watatu wamo kwenye mahindi ya mke wangu na sikusikia hata mmoja. Niko juu ya banda la kuku pamoja na mama mkwe, aliyenitangulia kupanda kwa sababu yeye simu yake haizimwi. Bado hasemi nami. Nimewapigia askari wenu. Wamesema, Masikio, acha utani, wakakata. Majirani nao wanadhani ni mimi tena. Barua hii naituma kwa picha ya simu. Futa yote niliyoandika hapo juu. Kiamini kisanduku, Ndugu Mkuu, na kwa leo tu uniamini na mimi.